Dagaa, Jongo na Magamba ya Ngozi: Mwenye Baridi Yabisi ya Soriasisi Ale Nini?

Dada yangu mkubwa anauza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, tangu nikiwa shule ya msingi, lakini mwaka juzi alikaa miezi tisa bila kuonja dagaa hata mmoja. Kidole cha pili cha mguu wake wa kulia kilikuwa kimevimba chote, kuanzia shinani hadi kwenye ukucha, kikawa kama soseji. Visigino vilimuuma kila alipokanyaga chini alfajiri, na vidole vya mikono vilikataa kukunja ngumi mpaka jua liwe limepanda. Mwenzake wa kizimba cha jirani alimtazama mara moja tu akatoa hukumu: "Pole dada, hiyo ni gauti. Acha dagaa, acha nyama nyekundu, acha maharage, na nyanya uziogope." Dada akatii. Akawa anakula ugali mkubwa kwa kabichi iliyozama kwenye mafuta, na asubuhi chapati mbili kwa chai yenye vijiko vinne vya sukari, kwa kuwa hivyo havikuwa kwenye orodha ya makatazo. Kufikia mwisho wa miezi hiyo tisa uzito wake ulikuwa umefika kilo 92, magoti nayo yalikuwa yameanza kuuma, na kidole kilikuwa kimevimba vilevile.

Orodha ile haikuwa ya kijinga. Ilikuwa ya ugonjwa mwingine. Mkanganyiko huo ndio unaowafanya watu wengi wenye maumivu ya viungo kujinyima vyakula visivyo na kosa, huku wakiendelea kula vile vinavyowaumiza kweli, kwa hiyo ni vyema kuanza kwa kutenganisha magonjwa haya mawili, gauti na baridi yabisi ya soriasisi, kabla ya kuingia jikoni.

Jongo, ambalo wengi huliita gauti, hutokana na asidi ya yuriki. Mwili unapovunjavunja kemikali ziitwazo purini, asidi hiyo hubaki, na ikizidi katika damu hugeuka chembe ngumu zenye ncha kama sindano zinazojipanga ndani ya kiungo, mara nyingi kwenye shina la kidole gumba cha mguu. Purini nyingine hutengenezwa na mwili wenyewe na nyingine huja na chakula, hasa nyama, maini na figo, bia, na samaki wadogo wanaoliwa wazima, ambao wakikaushwa purini zao hukolea zaidi. Kwa mwenye jongo, basi, kupunguza dagaa kuna mantiki. Maharage yenyewe yamesingiziwa, kwa kuwa uchunguzi wa muda mrefu umeonyesha kwamba purini za mboga na jamii ya kunde haziongezi hatari ya jongo kama zinavyofanya zile za nyama na samaki.

Baridi yabisi ya soriasisi ina chanzo tofauti kabisa. Hapa mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kupambana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Kwenye ngozi, seli huzalishwa haraka kupita kiasi na kurundikana, yakatokea mabaka yaliyoinuka yenye magamba ya rangi ya fedha, hasa kwenye viwiko, magoti, kichwani, nyuma ya masikio na kitovuni. Katika ngozi nyeusi mabaka hayo huwa ya zambarau au ya kijivu badala ya wekundu unaoonyeshwa katika picha nyingi za vitabuni, na ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa wengi wa kwetu kupewa dawa za fangasi kwa miaka. Hiyo ndiyo soriasisi, nayo haiambukizi. Inakadiriwa kwamba hadi asilimia 30 ya wenye soriasisi huja kupata pia ugonjwa wa viungo, mara nyingi wakiwa na umri wa kati ya miaka 30 na 50, na kwa kawaida ngozi hutangulia kwa miaka kadhaa, ingawa wapo ambao viungo hutangulia.

Mashambulizi hayo hayaishii ndani ya kiungo. Hupiga pia pale kano inapojishikiza kwenye mfupa, ndiyo maana kisigino huuma. Huweza kuukamata uti wa mgongo. Hukivimbisha kidole kizima kwa pamoja. Na huzichimba kucha vishimo vidogo kama vilivyotobolewa kwa ncha ya sindano, au kuzibandua kutoka kwenye nyama yake. Dada yangu alikuwa amepaka rangi kucha zake kwa miaka mitano kuficha vishimo hivyo, akidhani ni sabuni ya kufulia. Daktari alimwomba aifute ile rangi, akazitazama kucha, akamgeuza na kuangalia nyuma ya masikio, kisha akasema kwamba jibu lilikuwa limekaa hapo siku zote.

Kuna jambo moja linaloutia ukungu utambuzi huu. Kwa kuwa seli za ngozi ya mwenye soriasisi huzaliwa na kufa kwa kasi, asidi ya yuriki huweza kupanda kwenye damu yake bila yeye kuwa na jongo. Kipimo cha damu peke yake, kikisomwa na mtu mwenye haraka, kinaweza kumpa mgonjwa jina la ugonjwa asio nao, na pamoja na jina hilo ile orodha ya makatazo. Wapo pia wachache wenye magonjwa yote mawili kwa pamoja, na hao ndio hasa wanaopaswa kuongozwa na daktari kuhusu dagaa.

Sasa tuje kwenye chakula. Hakuna mlo unaoponya baridi yabisi ya soriasisi, na hakuna tunda, jani au unga unaoweza kuuzuia mfumo wa kinga usile kiungo kama dawa zinavyoweza. Nasema hili mapema kwa kuwa kiungo kilichoachwa kikilika huharibika na hakirudi kilivyokuwa, hivyo miezi inayopotea kwa kujaribu juisi ni miezi ya kupoteza vidole. Hata hivyo chakula kina nguvu yake, na nguvu hiyo hupitia hasa kwenye uzito wa mwili.

Tumezoea kufikiri kwamba uzito huumiza magoti kwa sababu magoti hubeba mzigo, nayo ni kweli, lakini ni nusu ya maelezo. Mafuta ya mwilini, hasa yale ya tumboni, si ghala lililolala. Ni sehemu ya mwili inayofanya kazi na kumwaga kwenye damu kemikali zinazochochea uvimbe, na mojawapo ya kemikali hizo, TNF, ndiyo ileile ambayo dawa kadhaa za gharama kubwa za ugonjwa huu zimetengenezwa kuizuia. Mgonjwa mwenye unene uliopitiliza anayetumia dawa hizo ni kama mtu anayekomba maji kwenye mtumbwi huku tundu limeachwa wazi.

Ushahidi wa jambo hili si wa kubahatisha. Nchini Italia, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 138 wenye unene waliokuwa wanaanza dawa za kuzuia TNF waliwekwa kwenye mlo wa kupunguza uzito, na waliofanikiwa kupunguza angalau asilimia 5 ya uzito wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa ugonjwa kutulia, bila kujali ni mlo upi walioutumia kuupunguza. Huko Gothenburg, Sweden, wagonjwa 41 walipewa mlo mkali wa kilokalori 640 kwa siku kwa wiki 12 hadi 16 chini ya uangalizi. Baada ya miezi sita walikuwa wamepungua karibu kilo 19, na waliofikia hali ya ugonjwa kutulia walipanda kutoka asilimia 29 hadi asilimia 54. Mlo wa namna hiyo haujaribiwi nyumbani na mtu yeyote, lakini matokeo yake yanaonyesha ukubwa wa kinachowezekana. Bodi ya kitabibu ya National Psoriasis Foundation ya Marekani, ilipochapisha mapendekezo yake ya lishe mwaka 2018, ililipa pendekezo moja tu uzito mkubwa kuliko mengine: wenye soriasisi walio na uzito uliozidi wapunguze uzito huo.

Kwa dada yangu asilimia 5 ilikuwa kilo nne na nusu hivi, na hapo ndipo hesabu ya jikoni inapoanza. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120. Sangara anayekaangwa kwenye karai la mafuta, au mapanki yale yanayoliwa moto moto kando ya barabara, hubeba mafuta hayo ndani ya ngozi na nyama yake. Sato aliyechemshwa kwa nyanya, kitunguu na ndimu hana mzigo huo, wala hapungui utamu kwa mtu aliyezoea kupikia samaki aliyetoka ziwani asubuhi. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya karibu vijiko vinane au tisa vya chai, na chai nne kwa siku zenye vijiko vinne kila moja ni vijiko 16, ambavyo mtu havihesabu kwa kuwa havitafunwi. Kwa daktari, mwanzoni dada yangu hakuambiwa aache chakula chochote. Aliambiwa apunguze sukari ya chai kijiko kimoja kila wiki mbili, mafuta yapimwe kwa kijiko badala ya kumiminwa kutoka kwenye dumu, ugali upungue hadi ukubwa wa ngumi yake mwenyewe, na nafasi iliyobaki kwenye sahani ijazwe na mgagani, mchicha au mlenda. Nakiri kwamba la ugali ndilo lililozua ugomvi nyumbani, kwa sababu ngumi yake mwenyewe ilimwonekea ndogo ghafla.

Dagaa wakarudi mezani, tena kwa heshima. Ni protini ya bei nafuu, wanaliwa pamoja na mifupa kwa hiyo wana kalsiamu nyingi, na mgonjwa anayemeza dawa za kutuliza uvimbe za jamii ya prednisoloni, ambazo hudhoofisha mifupa zikitumika kwa muda mrefu, anaihitaji kalsiamu hiyo kuliko jirani yake. Watu huuliza pia kuhusu mafuta ya omega 3 yaliyomo kwenye samaki. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2018 uliwapa wagonjwa 145 wa baridi yabisi ya soriasisi gramu 3 za omega 3 kwa siku kwa wiki 24. Maumivu na uvimbe havikupungua kwa kiwango cha kutofautisha wazi na kundi la kulinganishia, ila waliopewa walitumia dawa chache zaidi za kutuliza maumivu. Ni faida ya wastani, inayotosha kumfanya mtu ale samaki kwa furaha, lakini haitoshi kumfanya auze mbuzi ili anunue vidonge vya mafuta ya samaki.

Kuhusu ngano, mitandao imejaa ushauri wa kuacha gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Mapendekezo yale ya 2018 yanawataja katika suala hili wale tu ambao vipimo vya damu vimeonyesha kwamba miili yao huikataa gluteni. Kwa wengine hakuna sababu ya kuihofia. Kinachochekesha ni kwamba Ulaya mlo usio na gluteni ni wa gharama, ilhali huku kwetu ndio mlo wa asili: ugali wa muhogo, wa mtama, wa uwele au wa mahindi, uji wa ulezi, michembe na matobolwa ya viazi vitamu vilivyokaushwa, vyote havina gluteni hata chembe. Msukuma aliyekulia kijijini aliila nadra tu, siku ya maandazi na mkate. Ukiacha chapati, faida utakayoipata huenda ikatoka kwenye mafuta uliyoyaacha pamoja nayo.

Nyanya, bilinganya, pilipili na viazi mviringo husemwa kwamba "huwasha viungo". Hakuna ushahidi thabiti wa hilo. Manjano na tangawizi ni viungo vizuri vya mchuzi, na vibaki hapo. Vidonge vya manjano vyenye kipimo kikubwa vimewahi kuwadhuru watu ini, jambo zito kwa anayetumia dawa ambayo nayo huweza kulichosha ini lake.

Na hapa ndipo chakula na dawa vinapokutana. Dawa inayoanzishwa kwa wagonjwa wengi ni methotreksati, na humezwa mara moja kwa wiki. Narudia: kwa wiki. Watu wamefariki duniani kwa kuimeza kila siku wakidhani ni kama vidonge vingine, kwa hiyo siku ichaguliwe moja, ijulikane na wote nyumbani, na vidonge vya asidi ya foliki vimezwe jinsi daktari alivyopanga ili kupunguza kichefuchefu na vidonda vya mdomoni. Dawa hii na pombe vyote hulielemea ini, hivyo bia za wikendi, na zaidi gongo, zinapaswa kujadiliwa na daktari kwa ukweli. Mwanamke mwenye mimba au anayepanga kuipata hapaswi kuitumia kabisa.

Diklofenaki ndiyo rafiki wa watu wengi wenye maumivu, kwa kuwa hupatikana duka la dawa lolote. Inatuliza kweli, lakini ikimezwa kila siku bila kitu tumboni huchoma utumbo, hupandisha shinikizo la damu na kuzichosha figo. Mgonjwa anayeila mfululizo huku mboga yake ni samaki wa chumvi kutoka Mwaloni, wale kayabo, anaubebesha moyo wake chumvi na dawa kwa wakati mmoja. Ugonjwa wenyewe huongeza hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, kwa hiyo shinikizo la damu na sukari vipimwe hata kama kinachouma ni kidole tu. Samaki wa chumvi alowekwe, maji yamwagwe na kubadilishwa, au aachwe kwa siku za sherehe. Prednisoloni nayo huongeza njaa na sukari ya damu, na ikiachwa ghafla inaweza kuilipua soriasisi ya ngozi vibaya kuliko ilivyokuwa mwanzo. Isianzwe kwa ushauri wa muuza duka wala isikatizwe kwa uamuzi wa mtu binafsi.

Jambo moja ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji sana linahusu maziwa. Katika mikoa ya wafugaji kama yetu, maziwa mgando yanayotengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa huweza kubeba vijidudu vya brusela, na ugonjwa huo wenyewe huleta homa, maumivu ya mgongo na uvimbe wa viungo unaoweza kufanana na huu tunaouzungumzia. Aliyepunguziwa kinga na dawa yuko katika hatari zaidi. Maziwa yachemke kwanza, ndipo yagandishwe. Kwa sababu hiyohiyo ya kinga, kabla ya kuanza dawa za sindano za kuzuia TNF mgonjwa hupimwa kifua kikuu na homa ya ini aina ya B. Hupimwa pia VVU, naye asichukulie kwamba ametuhumiwa: maambukizi hayo yanaweza kuifanya soriasisi iwe kali, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 madaktari wa Zambia waliripoti kwamba karibu wagonjwa wao wote wa baridi yabisi ya soriasisi walikuwa nayo. Dawa za kufubaza virusi hutuliza hata ngozi.

Wanaofunga huuliza kama mfungo unadhuru. Utafiti mdogo wa wagonjwa 37 waliofunga Ramadhani, uliochapishwa mwaka 2019, uliona dalili za viungo na ngozi zikipungua baada ya mwezi huo, ila ni watu wachache mno na hapakuwa na kundi la kulinganishia. Anayetaka kufunga na afunge, akiwa amepanga na daktari saa za dawa, na futari isiwe karamu ya sambusa na tende bila idadi.

Swali linalobaki ni kwa nini watu waaminifu kabisa huapa kwamba chakula fulani kiliwaamshia maumivu. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, kama ziwa. Anayekula dagaa siku tano kwa wiki, siku yoyote mbaya itakapofika, ataikuta imetanguliwa na dagaa. Daktari alimpa dada yangu dawa ya mashaka hayo: daftari la shule lenye mistari, kila siku aandike amekula nini, amelala saa ngapi, amefanya kazi gani, na vidole vilichukua dakika ngapi kulegea asubuhi. Akihisi chakula kimoja kinamdhuru, akiache hicho kimoja kwa wiki nne, akirudishe, aone.

Alianza na dakika 90 za ukakamavu. Baada ya miezi mitano ya methotreksati na kilo sita kupungua, dakika hizo zilikuwa zimeshuka hadi 20, na hata yeye hajui agawe vipi shukrani kati ya kidonge na ngumi ya ugali. Ila tulipokaa barazani tukafungua daftari na kuzizungushia kalamu nyekundu siku zilizokuwa mbaya, dagaa walikuwa wametapakaa kote, siku nzuri na siku mbaya sawasawa. Kilichotangulia karibu kila duara jekundu kilikuwa neno moja aliloliandika kwa kifupi, "magunia": siku ambazo boti ziliingia usiku kutoka visiwani, hakulala, na kulipokucha alikuwa akisaidia kushusha mzigo kwa mikono yake mwenyewe ili aokoe hela ya mbebaji.